Maziwa ya Kunawia Mikono

Mdogo wake alipompigia simu asubuhi ile hakumsalimia. Alisema, "Dada, njoo shamba uione miche yako," akakata.

Mama Miche alibaki na simu sikioni, kana kwamba mwenzake angerudi kumalizia sentensi. Neno lililomchoma ni hilo la "yako". Tangu aipeleke ile miche ya nyanya, mdogo wake alikuwa akiiita watoto wetu, anamtumia picha kila jani jipya linapofunguka, hata mume wa Mama Miche akawa anawatania kwamba wanawake wazima wawili wamechoka kungoja wajukuu, sasa wanalea mboga. Leo watoto wamekuwa wa upande mmoja. Akajua kuna jambo.

Alifuta udongo mikononi, akavaa viatu.

"Kwema?" mume wake aliuliza kutoka chumbani, alikokuwa ameinamia trei.

"Kwema, fundi. Nafika shamba mara moja."

Alimwita fundi tangu wakiwa wachumba, na baada ya harusi akaona tabu kubadilisha. Mtaa ulimwita Sponji, kwa sababu mbili: alikuwa fundi makochi, na alikuwa mtu laini, unamkalia anabonyea, ukiinuka anarudi alivyokuwa. Kwa miaka mingi alijaza na kushonea viti vya nusu ya mji, mdomoni sigara ya kusokota mwenyewe, moja inazima nyingine inawashwa, mpaka kifua kikagoma. Akapasuliwa, kikatolewa kipande cha pafu. Daktari akamkataza mambo mawili, tumbaku na vumbi la sponji, naye akaacha yote mawili. Karakana akamwachia mwenzake wa siku nyingi, akarudi kukaa nyumbani na mikono isiyojua kukaa.

Wakati huo Mama Miche hakuwa bado Mama Miche. Alikuwa mwanamke anayesia mbegu kwenye makopo dirishani, miche inatoka mirefu na myeupe kama nyuzi, inalala shingo kabla haijapata majani ya maana. Fundi aliitazama siku kadhaa bila kusema. Kisha akaingia chumba kilichokuwa cha mabinti zao, ambao walishaolewa, akavikata vitanda vyao akavifanya rafu. Juu ya kila rafu akaning'iniza taa za tyubu kwa minyororo, ziwe zinashushwa karibu na majani na kupandishwa kadiri miche inavyokua. Ukutani akabandika karatasi za kung'aa ili mwanga usipotee. Mke naye akajifunza ya kwake: kuchekecha udongo na mboji, kuumwagia maji yanayochemka yaue vijidudu, kuweka maji kwenye sinia chini ya trei ili udongo unyonye wenyewe na juu pabaki pakavu, shina lisioze. Miche ikaanza kutoka mifupi, minene, kijani kilichokolea. Majirani wakaja kuchungulia, wakarudi na mikokoteni. Jina la Mama Miche likaja lenyewe.

Kazi ya kuhamisha ndiyo fundi aliyoichukua kuwa yake. Mche ukiwa na majani mawili tu unatolewa kwenye trei ya kusia, unapewa kikombe chake. Unashikwa jani, haushikwi shina, kwa maana jani likichanika litaota jingine na shina likibonyea basi. Vidole vilivyozoea kutunga uzi kwenye sindano ya makochi vilifanya kazi hiyo kwa namna ambayo mke wake alikuwa anasimama mlangoni kutazama tu. Alijisemea kwamba Mungu amempa mume mara ya pili, na safari hii ana wakati wa kukaa naye.

Shamba lilikuwa pembeni mwa mji, nyuma ya maghala. Mdogo wake alilikodi baada ya kupunguzwa kazini, na tangu hapo alikuwa hana hadithi nyingine. Alimkuta amesimama kati ya matuta, mikono kiunoni, pamoja na bwana shamba, mtu mfupi wa maneno ya polepole aliyevaa kofia ya nguo.

Hakuhitaji kuelezwa. Majani ya nyanya yalikuwa na mabaka, hapa kijani kibichi, hapa kijani kilichopauka, kama nguo iliyomwagikiwa dawa ya kufulia. Mengine yalijikunja. Mengine yalikuwa yamesinyaa upana yakabaki membamba kama tepe. Mistari miwili ya kwanza yote ilikuwa hivyo, na ya tatu ilikuwa inaelekea.

"Nimepiga dawa," alisema mdogo wake. "Nimepiga mpaka nikaumwa kichwa."

"Hauna dawa, mama," alisema bwana shamba. "Huu ni ugonjwa wa virusi. Ukimgusa mgonjwa kisha ukamgusa mzima, umeshamwambukiza. Ng'oa, choma moto, na hapa usirudishe nyanya." Akamgeukia Mama Miche. "Miche ilitoka kwako?"

"Kwangu."

"Unakuza nje au ndani?"

"Ndani. Chumbani."

"Nyumbani nani anatumia tumbaku? Sigara, ugoro, yoyote."

"Hakuna."

Bwana shamba alikuna shingo. "Nauliza kwa sababu kirusi hiki kinaishi kwenye tumbaku. Moshi hauna neno. Ni mikono. Mtu anasokota sigara yake, hanawi, anashika jani changa. Kwa macho huoni kitu mpaka miche ifike shambani."

Mama Miche alihisi macho ya mdogo wake kabla hajayaona.

"Shemeji alikuwa anavuta," alisema mdogo wake.

"Alikuwa."

"Una hakika aliacha?"

"Unaniuliza mimi? Mimi niliyelala sakafuni hospitali chini ya kitanda chake? Nilimsikia akiomba hewa kama mtu anayeomba maji. Mtu yule hawezi kushika tumbaku. Naapa kwa Mungu wangu, na kwa wanangu."

"Sawa, dada. Usiape."

"Naapa kwa sababu umeniangalia hivyo."

"Nimekuangaliaje? Basi mkono ni wa nani? Wangu?" Mdogo wake aliinama, akang'oa mche mmoja, akautupa miguuni pa dada yake bila kumlenga. "Tangu utoto ya kwako hayana kasoro. Sahani ikivunjika imevunjwa na mimi."

Bwana shamba, ambaye bila shaka alikuwa ameshaona ndugu wengi wakigombana mashambani, alikohoa, akasema huenda ikawa mbegu pia, mbegu nayo hubeba. Akamshauri Mama Miche kila atakayegusa miche anawe kwa sabuni, na akiweza achovye mikono kwenye maziwa, kwa maana maziwa yanakipunguza nguvu kirusi hicho. "Usicheke," alisema, ingawa hakuna aliyecheka. "Maziwa haya haya ya chai."

Mama Miche aliishika ile habari ya mbegu kama mtu aliyeshika tawi kwenye mto uliofurika. Njia nzima alikuwa anaigeuzageuza. Mbegu. Mwenye duka la pembejeo ndiye atakayejibu.

Alipofika nyumbani fundi alikuwa ametoka. Kila alasiri alikwenda kunyoosha miguu mpaka karakana ya zamani, akakae na mwenzake kidogo, arudi. Mama Miche akaingia chumbani, akawasha taa zote, akaanza kuteremsha trei moja moja.

Nyanya za upande wa dirisha, za wateja wa mwezi ule, zilikuwa zimeanza. Si mabaka bado, ni kama kivuli cha mabaka. Ungeweza kusema ni mwanga unakudanganya. Akazipeleka chini ya taa, akazirudisha dirishani. Hazikudanganya. Kisha akateremsha trei iliyokuwa juu kabisa, ile aliyoihamisha mwenyewe siku fundi alipokwenda msibani. Nyanya zile zile, pakiti ile ile ya mbegu, udongo wa beseni moja. Zilikuwa safi. Akaligeuza kila jani, la juu na la chini, akitamani kuona doa hata moja. Halikuwepo. Pilipili hoho, ambazo fundi hakuwahi kuzigusa kwa kuwa alisema harufu yake inampigisha chafya, zilikuwa safi nazo, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Akaketi juu ya ndoo. Sasa mambo mengine yakaja yenyewe, bila kuitwa. Fundi alikuwa anarudi kutoka matembezini ananuka gundi. Yeye aliipenda harufu ile, ilimkumbusha ujana wao, akadhani mume wake ameikumbuka kazi, anamsaidia mwenzake kidogo. Hakujiuliza kwa nini mtu aliyekatazwa vumbi la sponji apakae gundi mikononi kila siku ya Mungu. Na ile rangi ya manjano kwenye vidole viwili, alikuwa ameiona. Ameiona, akaiita gundi.

Fundi alirudi jua bado halijazama. Akakuta mezani bakuli la maziwa, la kuchanganyia unga, na kando yake taulo.

"Kuna mgeni?" aliuliza.

"Hakuna. Bwana shamba amesema kila anayegusa miche anawe kwa maziwa. Miche ya mdogo wangu imeingiwa na ugonjwa. Na hii ya humu ndani pia."

"Ugonjwa gani?"

"Wa tumbaku."

Fundi alivuta kiti, hakukaa. "Lakini mimi niliacha. Unajua."

"Najua. Nawa tu."

Akakunja mikono ya shati. Alinawa mikono kama alivyofanya kila kazi, taratibu, kidole kwa kidole, akapitisha kucha ya mkono mmoja chini ya kucha za mkono mwingine. Mama Miche alitazama maziwa. Kutoka chini ya kucha ya gumba kilitoka kitu kidogo cha kahawia, chembe nyembamba iliyojikunja, kikaelea katikati ya bakuli. Fundi alikiona. Akaacha kunawa, mikono ikabaki imezama mpaka kwenye viganja.

Nje mtu alikuwa anapiga msumari.

"Tangu lini?" aliuliza mke.

"Tangu siku ile ya kipimo."

"Kipimo kipi? Kile ulichosema majibu yake ni mazuri?"

"Hicho."

Aliikumbuka vizuri siku ile. Fundi alikwenda hospitali peke yake, akasema asihangaike, ni kipimo cha kawaida. Alirudi na soda mbili za baridi zimefungwa kwenye gazeti, wakanywa pale pale mezani, naye akamwambia mke wake, tunywe, mama, leo tuna haki ya kunywa.

"Kile kitu cha kifuani kimerudi," alisema fundi. "Upande wa pili. Daktari alitaka nianze matibabu wiki ile ile. Nilimwambia nitafikiri. Nikatoka pale, nikapita kibandani, nikasema, sasa ninajinyima kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu," alisema Mama Miche. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi ni nani?"

Fundi alitoa mikono kwenye maziwa, hakuifuta. Yalimdondoka mpaka sakafuni.

"Ulininywesha soda," alisema mke wake. "Mimi nikamshukuru Mungu mbele yako. Ukaitikia amina."

"Niliitikia."

"Nimekwenda leo shambani kwa watu nikaapa kwa wanangu. Kwa wanangu, fundi."

Hapo ndipo fundi alipokaa. Akamwambia yote, polepole, akipumzika katikati: kwamba mara ya kwanza alipopasuliwa alijiona kama kochi lililofumuliwa, na kwamba asingeweza kufumuliwa tena. Kwamba kule chumbani kwenye miche ndiko alikokuwa haumwi. Alisema hakujua. Angejua kwamba vidole vyake vinaua zile nyanya asingezigusa, hata kidogo. Hilo Mama Miche aliliamini, na ndilo lililomvunja. Angeweza kumkasirikia mtu mzembe. Huyu alikuwa amezishika kwa upole wote aliokuwa nao.

"Nakuomba kitu kimoja," alisema fundi. "Usimwambie mtu. Mabinti, mdogo wako, mtu yeyote. Wakijua watakuja hapa kunitazama kama maiti iliyochelewa. Niache niishi kama mtu."

Alimjibu kwamba atanyamaza. Alijibu haraka, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu katika maisha yao yote alikuwa hajaombwa mengi na mtu yule.

Asubuhi alirudi shambani na glavu na jembe. Mdogo wake alikuwa ameshaanza kung'oa, lundo limefika magotini. Alitazama glavu za dada yake, akarudi kwenye kazi yake. Wakang'oa mstari mzima bila neno. Mwisho Mama Miche akasimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Si mbegu. Ni mikono yangu. Nimekuwa natumia ugoro."

Mdogo wake alinyooka, akageuka nusu. "Wewe?"

"Mimi. Tangu fundi augue. Unanituliza."

"Jana uliapa."

"Niliapa kwamba yeye hatumii. Sikuapa juu yangu."

Alipoyasema maneno hayo aliona jinsi yalivyokaa vizuri, na akajionea aibu kwa jinsi yalivyokaa vizuri. Mdogo wake alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Ulisimama pale," alisema, "bwana shamba anauliza, mimi nakufa hapa, ukanyamaza ili usiaibike. Ukaniacha nijiulize kama ni mimi niliyeua shamba langu." Akaokota mche uliodondoka. "Nenda nyumbani, dada. Nitamalizia mwenyewe."

"Niache nikusaidie kuchoma."

"Nenda."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Simu ya mdogo wake iliita bila kupokelewa. Miche yote ya nyanya Mama Miche aliichoma uani kwenye pipa, rafu akazisugua kwa sabuni, vikombe akavitupa, na chumba kikabaki na pilipili hoho na ile trei moja, taa nyingi zinawaka juu ya mbao tupu. Wateja walipokuja aliwaambia ukweli nusu, kwamba kuna ugonjwa, wangoje. Wakaondoka wakiitikia kwa vichwa. Mtaani habari haikawii. Muuza nyama alimuuliza kama anataka chenji yake au ampe ya ugoro, watu wakacheka, naye akacheka nao ili iishe. Haikuisha.

Ndani ya nyumba walikuwa wanapishana kama wapangaji. Alimpikia, akamfulia, akamkumbusha sweta. Alimsikia akikohoa chooni na bomba limefunguliwa ili asisikike, na yeye jikoni akagongesha sufuria ili aonekane hasikii. Kumbe kunyamaza ni kazi, na ilikuwa inamla kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Fundi ndiye aliyeupasua ukimya huo. Alirudi mapema kutoka matembezini siku moja, kofia mkononi, pumzi juu juu.

"Wanasema unanusa ugoro."

"Waache waseme."

"Wamekusema nikisikia, hawakujua niko nyuma ya mlango. Na mdogo wako hapokei simu zako. Ni kwa ajili hiyo?"

Mama Miche alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya.

"Nilikuomba ufiche ugonjwa wangu," alisema fundi. "Sikukuomba ubebe tumbaku yangu."

"Ningeufichaje huo bila kubeba hii? Ningesema unavuta tena, wangeuliza kwa nini. Nionyeshe njia. Mimi niliitafuta sikuiona." Akakiweka kisu. "Unataka uishi kama mtu. Na mimi niishi kama nini?"

Fundi alisimama kitambo pale mlangoni, akaligeuzageuza lile swali. Kisha akavaa kofia, akatoka. Mama Miche alidhani anakwenda kuvuta. Akasema moyoni, aende, avute zote, ziishe.

Hakwenda kuvuta. Alikwenda shamba, kwa miguu, yeye ambaye kupanda ngazi za posta kulikuwa kunamkalisha chini. Baadaye mdogo wake alisimulia kwamba alimwona mtu anakuja kati ya maghala, anatembea kidogo, anashika ukuta, anatembea kidogo, akadhani ni mlevi. Alipomtambua alitaka kumfukuza kwa maneno. Lakini shemeji yake alipofika hakuweza kusema lolote, alikaa juu ya lundo la majivu baridi, akaonyesha kwa kidole kwamba asubiriwe, pumzi ije. Ilipokuja alisema, "Ni mimi. Dada yako hajawahi kunusa chochote katika maisha yake isipokuwa gundi yangu." Kisha akamweleza na habari ya kipimo.

Walirudi pamoja kwenye gari la kubebea mboga. Mama Miche alisikia mlango wa gari, akatoka, akamwona mumewe anateremshwa kwa kushikwa kwapa. Wakamkalisha kitini. Mdogo wake hakungoja aulizwe.

"Kwa hiyo ulitaka nije kumzika bila kujua alikuwa anaumwa," alisema. "Ningesimama kwenye msiba bado nimekununia. Ndivyo ulivyopanga?"

"Sikupanga. Aliniomba."

"Alikuomba. Na wewe ukaona afadhali mimi nikuchukie ili yeye astarehe. Dada, zile nyanya ziliniuma. Zilinikata maini, sitakudanganya. Lakini nyanya nitapanda nyingine. Ulinitazama machoni ukanidanganya kwa ufundi. Hilo nalipanda wapi?"

Mama Miche alilia, mara ya kwanza tangu siku ya bakuli, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Mdogo wake hakumkumbatia. Alimletea maji, akamwekea mkononi, akakaa upande wa pili wa meza. Kisha akamgeukia fundi.

"Na wewe, shemeji. Daktari alisema kuna matibabu?"

"Alisema yapo. Hakusema yanaponya."

"Alisema yasipoanza itakuwaje?"

Fundi alitazama viatu vyake, vilivyojaa majivu. "Sikungoja kusikia."

"Basi kesho tutakwenda wote, tusikie wote. Ukitaka kukataa, utakataa mbele yetu, si kwenye kibanda cha sigara."

Wakaenda. Daktari aliwatazama wote watatu, akaifungua picha ya kifua kwenye mwanga, akawaonyesha. Alisema wamechelewa, lakini hawajachelewa kabisa. Alisema matibabu yanaweza kukirudisha nyuma kitu kile kwa muda, muda gani hawezi kuahidi, na kwamba yatamchosha. Fundi aliuliza kama atapasuliwa. Aliposikia hapana, mabega yakashuka kidogo. "Kumbe niliogopa kitu ambacho hakikuwepo," alisema, bila kumwambia mtu. Mke wake aliyasikia, akageuza uso ukutani, kwa maana alikuwa anahesabu moyoni ile miezi iliyopotea, na hakutaka aone.

Mabinti wakaambiwa. Walikuja, wakalia, wakamtazama baba yao kama alivyosema watamtazama, kisha baada ya siku mbili tatu wakazoea, wakaanza kugombana kama zamani juu ya nani aoshe vyombo.

Tumbaku fundi aliitupa, au alisema ameitupa. Mama Miche hakumpekua. Aligundua kwamba lile neno "naapa" limemhama kinywani, hawezi tena kulisema juu ya mtu mwingine, hata juu ya mume wake, na hakujua kama hiyo ni hasara au ndivyo inavyopaswa kuwa. Mdogo wake alipanda mahindi kwenye lile shamba. Alianza kupokea simu. Aliongea habari za mvua, za dawa za shemeji, za bei ya mbolea. Neno watoto wetu hakulirudia, na Mama Miche hakulitafuta.

Msimu ulipogeuka akasia tena nyanya. Fundi alikuwa amerudi kutoka kwenye matibabu ya mara ya tatu, amekonda, kichwa kimebaki na vishungi vya nywele kama zulia lililokwisha. Alimkuta chumbani ameburuta kiti mpaka mbele ya rafu, ameketi na kipande cha boksi mkononi.

"Sigusi," alisema mara alipomwona.

"Sijasema kitu."

"Naipepea tu. Nje kuna upepo, humu ndani hakuna. Mche usiposukumwa hauweki nguvu kwenye shina." Akapunga lile boksi, na trei nzima ya miche ikalala upande mmoja, ikainuka. Akapunga tena. Baada ya kidogo mkono ulichoka, akauweka pajani apumzike.

Mama Miche alisimama nyuma yake. Kulikuwa na mambo ambayo bado alikuwa hajamwambia, na baadhi yake yalikuwa makali, na hakujua kama atapewa muda wa kuyasema yote au kama atataka. Akainama, akashusha taa ya rafu ya pili karibu zaidi na majani.

"Kesho ni kliniki," alisema.

"Najua."

"Mdogo wangu atakuja na gari alfajiri. Ule chochote kabla."

"Nitajaribu," alisema fundi, akainua boksi tena.